Mpimaji wa Usingizi

Mpimaji wa usingizi wa hospitali yetu hapa Iloilo, Ufilipino, hupasha vidole joto kwenye kikombe cha chai kabla hajagusa kichwa cha mtu, kisha hubandika nyaya akiomba radhi kwa kila waya. Asubuhi baada ya mimi kulala humo nikipimwa, mke wangu, Rosenda, alimwahi mlangoni.

"Mwambie mume wangu ukweli, dada. Sukari yake hupanda kila alfajiri kwa sababu anadokoa keki za mchele!"

Mpimaji alikunjua karatasi ndefu, akagusa mistari taratibu.

"Mama, hapa pumzi yake ilikatika. Ubongo ukashtuka, ukaamuru sukari imwagwe kwenye damu. Mara arobaini, na hajala kitu. Inatibika."

Nilishusha pumzi. Rosenda alivua ufunguo wa kabati la keki shingoni, akaniwekea kiganjani.

"Nisamehe, baba watoto."

Mpimaji aligeukia dirishani, akajifanya anatafuta kalamu.