Utani Uliosomwa Barazani

Mume wangu alipofariki, mikorosho tuliyopanda wote wawili, huku upande wa Newala, ndiyo kwanza ilikuwa inazaa vizuri. Zamani nani aliigombea? Ilipokuja biashara huria na wanunuzi binafsi wakaleta malori hadi mlangoni, wakwe zangu wakakumbuka ghafla kwamba shamba ni la ukoo. Wa kwanza kukumbuka alikuwa shemeji yangu, mdogo wake marehemu. Akanishtaki baraza la kata.

Mimi niliishia darasa la nne. Jirani akaniambia kuna mwalimu aliyeacha kazi, ana duka la kuchapa na kutoa kopi Masasi, pale Mkomaindo, na ana blogu. "Ukiandikwa mle, hata Dar wanasoma. Shemeji yako atakuogopa."

Nikaenda. Mwalimu akanipiga picha, akaandika: Mjane anyang'anywa mikorosho.

Niliporudi kwake baada ya siku chache, chini ya habari yangu watu walikuwa wameandika maoni mengi. Watu nisiowajua, wananipa pole, wananiita mama. Nililia palepale dukani. Nyumbani hakuna aliyenipa pole nikaiamini.

"Kuna na huyu," mwalimu akasema. "Anasema: 'Mchawi mkubwa wewe! Umemla mume, sasa unataka na miti yake. Ukipika supu tuletee na sisi.'"

Nikacheka mpaka nikashika meza. Hakuweka jina, lakini nilimjua kwa maneno yake. Ni mtani wetu, Myao wa Masasi, yule aliyeshuka kaburini siku ya mazishi, akajilaza, akakataa marehemu asizikwe mpaka tumpe kuku. Kwetu mtani asipokutukana msibani, ujue hakukuhesabu mtu.

"Mjibu," nikasema. "Andika: Ndiyo, nimemla, na alikuwa mtamu. Anayefuata ni wewe. Nyama yako ngumu, lakini nitaichemsha."

"Niandike hivyohivyo?"

"Hivyohivyo. Mtani hajibiwi kwa adabu."

Mwalimu yule kazaliwa hukuhuku, utani anaujua. Angeongeza neno moja tu, kwamba hawa ni watani, angepungukiwa nini? Hakuongeza. Maoni yakamiminika kama siafu. Walewale walionipa pole wakageuka: amekiri mwenyewe, muuaji huyo, polisi wako wapi. Nikamwomba afute.

"Nikifuta, mama, wasomaji watasema nimehongwa. Huu ni uhuru wa maoni."

Uhuru wake, shingo yangu.

Siku ya kesi shemeji akasimama na karatasi. Ilichapwa dukani kwa mwalimu huyohuyo. Mwenyekiti akaisoma kwa sauti, kisha akaniuliza, "Maneno haya ni yako?"

"Ni yangu, mwenyekiti, ila nilikuwa namjibu mtani."

"Mtani yuko wapi hapa? Mimi naona mtu asiye na jina."

Mtani wangu alikuwapo. Akainuka. "Ni mimi, mzee. Huyu nimemtukana tangu anaolewa."

"Kamnunua huyo!" shemeji akapiga kelele.

Wajumbe wakatazama chini. Nawasema, na wakisoma haya wajijue: wote walikuwapo mazishini, walimwona mtani kaburini, wakacheka na sisi. Siku ya kesi hakuna aliyesema anamjua. Mikorosho ikapewa ukoo. Mwenyekiti akasema mwanamke anayejisifu kumla mume hawezi kurithi jasho lake. Jasho langu hakulitaja.

Miezi ikapita. Mtani, aliyekuwa akiandika kwa simu ya kuazima, akapata yake yenye intaneti, akaja kunisomea maoni yote, hata yale ambayo mwalimu hakunisomea. Katikati ya matusi kulikuwa na mama mmoja wa Lupaso. Aliandika kabla kesi haijaamuliwa: "Mama, na mimi yalinikuta. Mikorosho mliyopanda wote, haki yako imo. Kata wakikukatalia usikae, kimbilia baraza la ardhi la wilaya kabla siku za rufaa hazijaisha. Nitafute, nitakusindikiza." Chini zaidi ni yeye tena: "Mama, bado upo?"

Mwalimu hakunisomea hilo. Lilikuwa neno la upole, halina moto wa kumletea wasomaji.

Asubuhi yake tukaenda wilayani. Karani hata kiti hakutupa. Siku za rufaa zimekwisha, akasema.

Nje mtani akatoa simu. "Huyu mama wa Lupaso tumjibu nini?"

"Andika: Nipo."

Akaandika. Tukasimama pale ukutani, tukisubiri, mpaka simu yake ikazima kwa kukosa chaji.