Kikohozi cha Baba Mdogo

Acha nianze na lililo baya kabisa, nisije nikahurumiwa bure. Siku tuliyomzika baba mdogo pale Korogwe nililia machozi ya kweli, lakini mkono mmoja ulikuwa mfukoni umeshika simu, na simu ilikuwa inarekodi.

Nilikuwa nakusanya sauti. Kulikuwa na mashindano ya mtandaoni ya kutengeneza gemu, wenyewe wanayaita jam. Mnajiandikisha, siku ikifika mnatajiwa mada, halafu mna siku tatu tu za kuitengeneza gemu tangu hakuna kitu mpaka mtu wa nchi nyingine aweze kuifungua na kuicheza. Zawadi hakuna. Mnacheza gemu za wenzenu, mnapeana maoni, mnapangwa nafasi, basi. Lakini mimi nilikuwa nashinda Handeni kwenye duka la vifaa vya ofisi la mzee mmoja wa Kihindi, nikitoa kopi za vyeti vya kuzaliwa na kupiga watu picha za pasipoti, na mashindano yale niliyaona ndiyo mlango wangu wa kutokea. Nikajiandaa mwezi mzima. Mzee aliniruhusu kutumia kompyuta ya dukani wateja wakipungua, na kila nilikokwenda nilirekodi: mvua juu ya bati, pikipiki inayogoma kuwaka, mashine ya kuchakata mkonge kule Ngombezi, mbuzi wa jirani mwenye kelele kuliko mwenye nyumba. Nilikuwa nimeapa kwamba gemu yangu haitatumia hata sauti moja ya kuazima.

Ndipo baba mdogo akafariki.

Huyu ndiye aliyenilea. Baba yangu alipokwenda kutafuta maisha mbali na kuniacha darasa la tano, mdogo wake alinichukua nikakaa kwake, njia ya kwenda Ngombezi, miaka tisa. Alikuwa fundi baiskeli. Maneno hakuwa nayo, mguu wa kushoto aliuburuta kidogo, na kifua chake hakikuwahi kupona. Ukisikia kikohozi njiani unajua ameshafika. Mama mdogo, mkewe, akikisikia tu alikuwa anamimina chai, na mzee akivua viatu anakuta kikombe kinafuka moshi. Sikumbuki hata siku moja aliyoiomba.

Sasa sisi Wazigua tuna watani wetu, na mtani wa baba mdogo alikuwa mzee wa Kinyamwezi aliyekuja zamani kukata mkonge akazeekea hukohuko Ngombezi. Maisha yao yote walikuwa wakichambana. Mmoja hapiti mbele ya nyumba ya mwenzake bila kuisema pua yake au ukoo wake. Na msibani mtani ana kazi yake: wote mnapolia yeye anachekesha, na mfiwa haruhusiwi kununa. Siku ile, kabla jeneza halijatoka, mzee yule aliingia ndani bila hodi, akatoka amevaa koti la marehemu na kofia yake, fimbo mkononi. Akauburuta mguu wa kushoto uwanja mzima. Akakohoa, kho, kho, kho, mara tatu, ya mwisho ndefu kama mtu anayevuta ndoo kisimani. Akasimama mbele ya akina mama waliokaa mkekani, akasema, "Chai iko wapi? Au mpaka nife ndiyo mnikumbuke?"

Watu wakaangua kicheko, kile kicheko cha msibani ambacho nusu yake ni kilio. Hata mama mdogo alicheka, kanga mdomoni. Mtani akapewa kuku wake. Kisha akalivua koti taratibu, akalikunja, akalirudisha, akaenda kukaa nyuma ya banda la kuni na kulia kwa sauti, bila kumjali mtu. Hapo mimi nilikuwa nimeshabonyeza kitufe cha kuzima. Moyoni nilisema, hii nimeipata.

Mashindano yalianza wiki ya tatu baada ya mazishi, siku ya Ijumaa. Mada ikatangazwa: Kuaga. Wallahi nilihisi wameniandikia mimi. Mwenzangu wa timu alikuwa dada mmoja wa Bungu, Msambaa, mwalimu wa shule ya msingi mwenye mkono mzuri wa kuchora. Tulijuana kwenye kundi la watengeneza gemu na hatukuwa tumewahi kuonana uso kwa uso. Yeye anachora huko mlimani, anapanda mpaka mahali mtandao unaposhika, ananitumia. Mimi naunganisha huku Handeni. Nikamweleza wazo: mzee amekufa, ni siku ya mazishi yake, anazunguka nyumbani kwake bila kuonekana akitafuta koti, kofia na fimbo kabla hajakubali kwenda kaburini. Kila akipata kitu anakohoa na kuuliza chai iko wapi, na waombolezaji wanacheka. Akivipata vyote, mlango wa uani unafunguka, anakwenda zake.

Alilipenda. Akachora nyumba, mikeka, masufuria ya pilau, na mzee mwenyewe kwa picha sita za kutembea, mguu wa kushoto ukiwa nyuma kidogo kama nilivyomwelekeza. Nitasema ukweli, siku zile tatu nilikuwa na furaha. Nilikuwa nakula mihogo ya kukaanga mbele ya kompyuta, nikimtazama baba mdogo anatembea tena, na nilijisifu kwamba nampa heshima. Mteja akiingia kutaka kopi namwambia asubiri, kana kwamba duka ni la baba yangu.

Jumamosi mchana nikamtumia yule dada gemu ikiwa na sauti kwa mara ya kwanza. Akauliza ile sauti ni ya nani, nikamwambia ni ya mtani msibani kwetu. Akauliza swali moja zaidi: "Wenyewe wanajua?"

Nikaandika: "Wanajua, wamefurahi."

Hata sikusita. Kidole kiliandika chenyewe. Sikio la kufa halisikii dawa, wamesema, na langu lilikuwa limeshakufa zamani. Hoja yangu moyoni ilikuwa nyepesi: utani hauna kesi. Kilichochekesha uwanjani mbele ya mjane kitakuwaje kosa kwenye simu?

Jumapili jioni tukaituma. Siku zilizofuata watu wa mbali wakaanza kuandika. Wengi walikisifu kikohozi. Mmoja alisema amekirudia mara nyingi kwa sababu kila akikisikia anacheka upya. Matokeo yalipotoka tulikuwa miongoni mwa kumi bora. Kichwa kikanivimba. Nikaingia kwenye kundi la ukoo la simu, nikabandika kiungo na maneno haya, ambayo mpaka leo nikiyakumbuka natamani ardhi inifungukie: "Jamani, kijana wenu nimeiheshimisha familia. Hebu bonyezeni mumwone baba mdogo!" Na vijisura vya kucheka vitatu.

Kundi lile ukituma picha ya mahindi utajibiwa mashallah na watu kumi na tano. Siku ile hapakuwa na jibu. Niliona majina yanavyoongezeka ya waliosoma, mmoja baada ya mwingine, na hakuna aliyeandika hata herufi. Saa nzima. Nikajidanganya kwamba wanaicheza.

Aliyepiga simu ni shangazi, dada mkubwa wa baba na baba mdogo, ambaye neno lake katika ukoo ndilo la mwisho. Nilikuwa natoa kopi za hati ya shamba ya bwana mmoja aliyesimama mbele yangu. Nikatoa shikamoo, akaitikia marahaba, na hakupandisha sauti kabisa. Afadhali angepandisha.

"Wewe ni mtani wake?"

Nikasema hapana, shangazi.

"Mtani alifanya mara moja, akavua koti, akalia. Wewe umemvisha koti hilo mdogo wangu, na kila asiyetujua akibonyeza anamkohoza ili acheke. Mpaka lini?"

Hapo ndipo nilipolielewa jambo ambalo kila Mzigua mwenye akili analijua bila kufundishwa: utani wa msibani unaishia msibani. Unatolewa pale, mbele ya wenye uchungu, na mtu mwenye haki ya kuutoa, halafu unazikwa na marehemu. Mimi niliubeba nikautembeza. Shangazi akamalizia kwa kuniambia kwamba mama mdogo naye ameshaambiwa. Simu ikakatika. Yule bwana wa hati ya shamba akaniuliza kama naumwa.

Nilimwandikia mwenzangu wa Bungu kila kitu, na uongo wangu nikautaja. Akajibu kwa maneno mawili: "Uliniambia wanajua." Afadhali angenitukana. Siku ileile tuliiondoa gemu mtandaoni, na michoro yake ya kwanza kuonwa na watu ikaondoka nayo. Mchuma janga hula na wa kwao. Huyu wala hakuwa wa kwetu, na alikula.

Lakini kwenye simu yangu sikuifuta. Niseme na hilo. Niliifungua, nikaisikiliza, nikaifunga. Bado niliipenda.

Mama mdogo sikumpigia. Nilijaribu mara nyingi, ikiita mara moja nakata. Ningemwambia nini? Yule mama aliwahi kuniuguza malaria wiki nzima, amekaa chini kando ya kitanda changu kwa sababu kiti kilikuwa kibovu. Jambo moja tu ndilo lililokuwa linaniuma, si nafasi yangu katika ukoo wala shangazi: je, atanipokea tena kama mwanawe? Nikapanga kutokwenda Korogwe mpaka mambo yapoe. Lakini arobaini haina udhuru. Siku ilipofika nikapanda gari la asubuhi nikiwa na mchele kilo tano, kana kwamba mchele ungenisemea.

Walinipokea kwa adabu, na adabu ile ndiyo iliyoniadhibu. Nilipoketi mkekani binamu zangu walisogea kunipisha, wakanipisha zaidi ya ninavyohitaji. Mzee mmoja akakohoa wakati wa kisomo, kikohozi chake tu cha uzee, na vijana wawili wakanitazama, kisha wakainamisha macho. Sikuonja pilau. Nilijitia kuosha masufuria na akina mama ili niwe na cha kufanya na mikono.

Baada ya swala ya alasiri, wageni walipoanza kuaga, mama mdogo aliniita chumbani. Alikuwa bado kwenye eda, amekaa kitandani. Nikapiga magoti, nikatoa shikamoo, nikaanza kuomba msamaha, maneno niliyoyapanga njia nzima. Akanikatiza.

"Lete hiyo gemu."

Nikasema tumeshaifuta, mama. Akaniangalia tu. Anajua ninavyodanganya tangu nina miaka kumi na moja. Nikaitoa simu, nikaifungua. Akajifuta kiganja kwa kanga kabla ya kuipokea, akaishika mbali na uso kwa sababu ya macho yake, na nikamwonyesha pa kubonyeza. Mzee akaanza kutembea uwanjani, mguu wa kushoto nyuma. Mama mdogo akatabasamu. Sijawahi kumwona mtu anatabasamu vile; alisogea mbele kitandani, kama anayempisha mtu akae. Akamtembeza polepole mpaka kwenye koti.

Kho, kho, kho. Chai iko wapi?

Lile tabasamu likabaki usoni peke yake kwa muda. Akabonyeza tena. Kikaja kilekile. Akabonyeza mara ya tatu, ameiweka simu sikioni kabisa kama anayepokea salamu kutoka mbali. Halafu akanirudishia.

"Huyu ni mtani," alisema.

Nikasema ndiyo, mama, nisamehe.

"Wenzako walipokuja kuniambia umemweka kwenye simu, wao walikuwa wamekasirika. Mimi nilifurahi. Siku zote hizi nilikuwa nakusubiri uje." Akaikunja pembe ya kanga yake, akaikunjua. "Nilidhani umemweka yeye. Yeye hakukohoa hivi. Alikuwa anakohoa kidogo tu, anajizuia, kwa sababu yako. Ulikuwa unasoma."

Hakunifukuza. Aliniuliza kama nimekula, akanyanyuka kwenda kuniwekea pilau. Nilibaki pale sakafuni na simu yangu, nikajaribu kukikumbuka kikohozi chake mwenyewe. Miaka tisa ukuta mmoja naye, yeye anajizuia upande wa pili. Nikafumba macho, nikamleta mlangoni, nikamvua viatu, nikasubiri. Kila nilipojaribu, aliyekohoa alikuwa Mnyamwezi.