TV ya Chumba cha Maitu

Chege Njau huendesha mashine zamu ya usiku katika kiwanda cha makatoni mjini Thika. Ni mtu mpole kiasi kwamba hata mashine ikikwama huiomba kwanza. Anaishi mtaa wa Landless, katika nyumba ya kupanga yenye vyumba viwili vya kulala. Kimoja ni chake na mkewe, Tabby. Cha pili kilikuwa cha binti yao Maxine, aliye shule ya bweni, mpaka mama yake Tabby alipoletwa kutoka kijijini kwake Gatuanyaga na kidonda mguuni.

Kidonda kilikuwa cha sukari. Nesi hakuzunguka: mguu uinuliwe, usikanyagwe, kidonda kisafishwe kliniki mara kwa mara, la sivyo utakatwa. Kutoka Gatuanyaga hiyo ingekuwa safari ya pikipiki na vumbi kila mara, kwa hiyo mgonjwa akabaki Thika.

Ila huyo mama, Ngendo, ni wa rika ambalo mama mkwe halali kwa mkwewe. Alikubali baada ya kupata mwanya ambao wakili yeyote angeuonea wivu: nyumba ni ya landilodi, kwa hiyo yeye alikuwa analala kwa landilodi. Hata hivyo aliweka sharti, akamwambia Tabby kwa sauti ya kumfikia mhusika aliyekuwa jikoni.

"Siku huyo bwana yako ataingia pahali nalala, siku hiyo narudi kwangu. Na huu mguu narudi nao vile uko."

Chege hakuwa na nia yoyote ya kuingia. Balaa ilikuwa sebule. Ngendo alipenda kutazama TV mchana, na mtu wa zamu ya usiku hushinda nyumbani mchana. Kila Chege alipotokeza kichwa, mama mkwe aliinuka kwa heshima, akakanyaga kidonda, akajikokota chumbani. Akienda chooni na kurudi, anamkuta anainuka tena. Chege akahamishia usingizi wake kwenye benchi la kinyozi, lakini hata huko haukuja. Aliona wazi kwamba kila akiingia kwake anaukata ule mguu kidogo kidogo.

Ndipo akaamua kuweka TV ya pili chumbani. Bedan, fundi wa dishi kule Kimbo, alimweleza kwa simu: dishi ni lile lile, dekoda ni ile ile, unapitisha waya ukutani, basi. Ila TV zote mbili zitaonyesha chaneli moja. Chege akasema mpira ameshautazama wa kumtosha.

Kazi ilipangwa ifanywe asubuhi ya kliniki, maana foleni ya kliniki humaliza siku. Chege akajiambia kwamba mwenyewe asipokuwepo hapo si pahali anapolala, akaweka TV juu ya meza ya Maxine, akatoboa ukuta, akaanza kupitisha waya kutoka sebuleni. Siku hiyo foleni ikawa fupi. Hakuna mpango nchini humu ambao umewahi kujiandaa kwa foleni fupi. Tabby alimrudisha mama yake mapema, Chege akajibanza jikoni kama mwizi kwake mwenyewe, mgonjwa akalazwa, mguu ukawekewa mto, na Tabby akakimbilia duka lake huko Kimbo. Chege aliporudi sebuleni, mlango wa chumba ulikuwa umefungwa na waya umeishia katikati ya ukuta.

"Baba Maxine," ukuta ukasema.

Hawakuwa wamewahi kuzungumza zaidi ya salamu. Chege akasimama wima. "Naam, Maitu," akajibu, kwa neno la Kikuyu la mama.

"Hii kitu inachungulia hapa ni nini?"

"Ni waya ya TV. Tabby ataiweka jioni."

"Tabby anarudi usiku. Ibada yangu inaanza saa saba. Sukuma."

"Maitu, nesi alisema..."

"Kwani nimemwozesha nesi? Sukuma!"

Akasukuma.

"Imefika kwa kitanda. Sasa?"

"Sasa iache hapo. Inaingia nyuma ya TV, na TV iko kwa meza."

"Hapo tu?"

"Maitu, tafadhali. Usiamke."

Kitanda kikalia. Kisha meza ikaburutika, na kikafuata kishindo kilichotikisa glasi za sebuleni.

"Maitu?"

Akagonga ukuta mara mbili. Chege alikimbia kwa jirani, Ndunge. Mlango wake ulikuwa na kufuli. Akampigia Tabby; simu ikaita hadi ikakatika. Akarudi mlangoni pa chumba, mkono kwenye kitasa. Akiingia, mama anarudi Gatuanyaga na mguu unakwenda. Asipoingia, huenda anayekwenda ni mama mwenyewe.

Akafungua. Aliingia kinyumenyume, akitumaini kwamba mtu anayetazama nje bado yuko nje.

"Utanikanyaga," sauti ikatoka sakafuni. "Ai! Geuka uingie kama mtu."

Ngendo alikuwa chini kati ya kitanda na meza, ameukumbatia mguu wake kwa mikono miwili na kuuinua juu kama mtu anayevuka mto na mtoto. Ncha ya waya ilikuwa imelala kifuani pake. Bendeji ilikuwa safi.

"Haijagusa chini," akasema. "Ni makalio tu."

Chege akamwinua akiwa amefumba macho, hatua ambayo nusura iwaangushe wote wawili. Akamlaza, akachomeka waya. Picha ikaja papo hapo: wanaume wawili waliovaa chupi wakipigana mieleka, maana ndicho alichokuwa ameacha sebuleni. Akachomoka mbio kwenda kubadilisha. Alipoipata ibada, alikaa kwenye kochi akingoja hukumu.

"Baba Maxine. Umeingia."

"Nimeingia, Maitu."

"Unajua hiyo ni nini."

Chege alianza kumwona akilini Tabby akifunga mizigo ya mama yake. "Najua."

"Hiyo ni mbuzi. Ya kuchinjiwa Gatuanyaga, mbele ya watu wangu. Na mpaka ichinjwe, siwezi kukanyaga boma yangu na hii aibu. Nitakaa tu hapa kwa landilodi."

Chege aliyapitia maneno hayo polepole, akiyagusa moja moja.

"Mbuzi siku hizi ni ngumu kupata, Maitu," akasema.

"Najua ni ngumu. Usikimbie."

Hakukimbia. Alianza kutafuta, akawa anamtumia Tabby picha, na Tabby anaipeleka simu chumbani. Wa kwanza alikataliwa kwa sababu ya pembe. Wa pili alikuwa na macho ya kiburi. Nesi alipotangaza kwamba kidonda kimeanza kufunga, mbuzi wa tatu alikuwa ameshakataliwa, kwa kukonda. Chege akampigia mchuuzi na kumuuliza kama hana mwingine aliyekonda kumshinda huyo.