Siku Niliyoshusha Sauti

Nina wivu. Naliweka hilo mezani mapema ili usije ukafika katikati ndipo ukagundua, ukaniona mnafiki. Wapo watu wanaosimulia kwamba zamani walikuwa na wivu, siku hizi wameuacha. Mimi wangu bado ninao, na ninayemwonea ni mtu ambaye hajanikosea hata siku moja. Hilo ndilo linaloniudhi zaidi. Angekuwa mwizi, au hata mwenye dharau kidogo, ningepumzika.

Tulianza kazi pamoja, mimi na yeye, kwenye kibanda cha mbao karibu na stendi ya Shinyanga. Tulikuwa tunawawekea watu nyimbo kwenye kadi za simu. Mteja anakuja, anataka za injili, au za kucheza, au anasema "zile za kwetu", maana yake za Kisukuma, nasi tunamjazia. Mwenzangu alikuwa mtu wa Masumbwe, siyo Msukuma, mpole, mwenye tabia ya kuuliza maswali yasiyoingiza kitu. Mimi mteja akiomba za kwetu, namjazia folda nzima na kumuaga. Yeye anauliza, "Huu mnaucheza wakati gani? Mguu upi unatangulia?" Foleni inakua, watu wanasonya, na yeye yuko nje ya kibanda anafundishwa mguu. Nilimwambia mara nyingi pale siyo shule. Alikuwa anacheka tu.

Kibanda kilikufa watu walipoanza kujipakulia nyimbo wenyewe. Hapo mimi nikawa kila kitu. Nilipiga muziki kwenye harusi na kipaimara. Nilizunguka Geita mjini juu ya gari la matangazo, nikisifia dawa ya mende kwa sauti ya kukoroma kama vile nimeitengeneza mimi. Kwenye banda la video nilitafsiri filamu za Kihindi bila kujua neno hata moja la Kihindi, na watu walilia pale nilipotaka walie. Dhahabu ikisikika imeonekana mahali, watu wakakimbilia huko kwa mamia, sisi tunaita rashi, na mimi nilikuwemo na spika zangu mbili kwenye guta. Nilifungua muziki mchana kweupe karibu na karasha, ile mashine ya kusaga mawe, tukawa tunashindana kelele mimi na yenyewe. Mara nyingi ilinishinda. Siku moja niliamka nikakuta kambi nzima imehamia mashimo mengine, nimebaki mimi, spika na mbuzi wa mtu.

Miaka hiyo yote mwenzangu alikuwa amekaa chumbani Masumbwe na kompyuta iliyokwisha tumika, anajifunza kutengeneza muziki. Siyo kupiga muziki wa watu kama mimi, kutengeneza. Nilipomtembelea alinisikilizisha ngoma za mashine zinazokwenda mbio kama cherehani, halafu akazifuta zote mbele yangu. "Bado," akasema. Nilirudi Geita nikimcheka, nikawasimulia wenzangu habari za DJ ambaye hana hata spika. Nilikuwa na raha sana safari ile.

Sasa nieleze habari za mama yangu. Anakaa kijijini kwetu, ukitoka Shinyanga mjini ni mwendo wa bodaboda, analima pamba na mahindi na ana ng'ombe watatu anaowajua kwa tabia. Akitwanga anaimba. Anaimba Kisukuma kwa sauti ya juu inayopasuka mwishoni, na katikati ya wimbo, bila kupoteza mdundo wa mchi, anafukuza kuku wanaonyemelea kinu: "Shii!" Nimekua na sauti hiyo na, niseme kweli, ilikuwa inanitia aibu. Nilipoanza kujulikana kidogo Geita niliwaambia watu mama yangu ana duka mjini. Nikienda kumsalimia nilikuwa sikai. Nafika saa nne, nashusha sukari na sabuni, saa nane niko barabarani.

Mwaka mmoja baada ya mavuno mwenzangu alipita kwetu kumsalimia. Mimi nilikuwa Geita. Alikaa siku tatu. Alipukuchua mahindi, alichota maji, alijifunza kusalimia mwangaluka asubuhi kwa adabu inayotakiwa, na siku ya tatu akamwomba ruhusa ya kumrekodi akitwanga. Mama akakubali, kisha akanipigia simu.

"Mwenzako kaja," alisema. "Anasikiliza huyu! Yaani anakaa chini anasikiliza."

Alikuwa na furaha. Nilijaribu kukumbuka ni lini mimi nilimfurahisha hivyo, nikaacha.

Wimbo ulitoka. Unaanza na mchi peke yake, du, du, du, kisha ngoma za mashine zinauingia kwa mbio, kisha anakuja mama. Kule Katoro, mkoani Geita, bodaboda wote walikuwa nao. Ulichezwa kwenye saluni na kwenye mabasi, na mwenzangu akaitwa kuupiga mijini, baadaye akaitwa Ulaya. Mama alipewa haki yake yote, hapo sina la kusema, na kila mwenzangu akirudi safari alikwenda kumwona mama kabla hajaniona mimi. Alikuwa anamwita mayu, kama anavyoitwa mama kwetu. Yeye, mtu wa Masumbwe!

Roho iliniuma mpaka nikawa nachekesha. Nilipokuwa Nkome, napiga muziki kando ya vichanja vya dagaa, mama mmoja aliniuliza, "Wewe DJ, huna ule wa bibi wa kinu?" Nikamwambia sina. Nilikuwa nao kwenye flashi, mfukoni. Sikuwahi kuupiga hadharani hata mara moja. Nilikuwa nausikiliza peke yangu kwa hedifoni, nikitafuta kasoro, na nilipokosa kasoro nililaumu besi.

Huku kwetu, mavuno yakiisha, vikundi viwili vya ngoma hushindana kwa kuwekwa uwanja mmoja, vikapiga kwa wakati mmoja. Hakuna jaji wala karatasi ya alama. Mtu anasimama anapopapenda, akichoka anahamia upande wa pili, na jua likishuka mwenye watu wengi ndiye mshindi. Kwa hiyo jambo la kwanza analoambiwa mpiga ngoma ni hili: usimsikilize mwenzako. Ukimsikiliza mkono unalegea, na watu wakikuona unamsikiliza yule, na wao wanageuka. Nililijua hilo kabla sijajua kusoma.

Mfanyabiashara mmoja wa magodoro pale Katoro, anayetafuta watu wapite mbele ya duka lake, alipata wazo la kuwaweka ma-DJ hivyohivyo. Wawili, mchana, kwenye uwanja wa mnada, mmoja kila upande. Aliniuliza ningependa kupambana na nani. Nilimtaja kabla hajamaliza swali. Mwenzangu alikuwa amerudi nchini wiki ileile na alikubali kwa kicheko, kama mtu aliyealikwa chai.

Halafu nikaenda mwenyewe kijijini kumchukua mama. Nilimwambia nataka apumzike, aone mji. Uongo. Nilitaka siku moja tu aone kwa macho yake watu wanaiacha sauti yake na kuja kwangu. Ndicho nilichokitaka, hakuna kingine, na shindano la mwenye magodoro lilikuwa kisingizio. Nimewahi kutamani vitu vibaya lakini hicho ndicho kibaya kuliko vyote, na nilikitamani kwa moyo wote.

Tulipofika uwanjani mwenzangu alikuja mbio. Akachuchumaa mbele ya mama.

"Mwadila, mayu."

Mama akamshika uso kwa mikono yote miwili, akamtazama huku na huku kama anayekagua ndama. Mimi nilijifanya nafunga waya. Nilimwekea mama kiti cha plastiki karibu na spika zangu, kivulini, nikamwambia, "Ukitaka kwenda upande ule nenda tu, mama, usione vibaya." Kwa mdomo.

Tulianza saa nane. Nilikuwa nimejiandaa, na nilikuwa na kila wimbo uliokuwa unapendwa nchi hii na nchi jirani. Nilipiga mmoja baada ya mwingine, nikiukata kabla haujachosha, na watu wakajaa upande wangu. Wachimbaji wenye vumbi la mawe kichwani, wauza nyanya, wanafunzi, bodaboda waliopanda juu ya viti vya pikipiki zao. Ng'ambo mwenzangu alikuwa na watu kama thelathini, anapiga vitu vya ajabu, kengele za ng'ombe na ngoma zinazokuja na kupotea. Nilipandisha besi mpaka maji kwenye chupa ya mama yakatikisika. Nikawa namtazama kila dakika. Alikuwa amekaa, mikono magotini, hatikisi hata mguu. Nikajua tu, anasubiri zamu ya yule.

Kama saa kumi hivi, mchi ukasikika kutoka ng'ambo. Du, du, du.

Nilikuwa nimeusikia wimbo ule mara mia, lakini kwa hedifoni tu. Sikuwahi kuusikia ukitoka kwenye spika kubwa, katika hewa ya wazi yenye vumbi, ambayo ndiyo hewa aliyouimbia. Sauti ya mama ikapanda juu ya uwanja wa mnada. Kuna mahali, kati ya ubeti na ubeti, anapovuta pumzi. Nyumbani pumzi ile ilikuwa ndiyo wakati anapoinua macho kutazama kama tumeshafagia uwanja. Nilikuwa naijua, nikiisikia nakimbilia fagio. Nikataka kuisikia. Muziki wangu mwenyewe ulikuwa unaniziba.

Nilishusha sauti.

Nilishusha kidogo, nikaona haitoshi, nikashusha yote. Pumzi ikaja. Kisha mle kwenye wimbo mama akasema "Shii!" na upande wa pili wa uwanja wote, kila mtu aliyekuwa pale, ukaitikia "Shii!" kwa pamoja huku ukirusha mikono, watu wazima wanafukuza kuku wasiowajua. Mimi kuku wale nawajua. Yule mweusi asiye na mkia ndiye alikuwa msumbufu. Damu ilinichemka kwa wivu, na wakati huohuo nilikuwa nimesimama mdomo wazi, nasikiliza.

Watu waliniona nasikiliza. Wakageuka na wao. Haikuchukua hata nusu ya wimbo, bodaboda wakashuka kwenye viti vyao wakasukuma pikipiki kuvuka uwanja, wauza nyanya wakainua ndoo zao, na mbele yangu pakabaki mchanga, ganda la muwa na kandambili moja. Niliyaharibu mwenyewe, kwa kosa ambalo mtoto wa kwetu anayecheza na debe halifanyi.

Sikutaka kutazama kile kiti. Nilikuwa na uhakika kipo kitupu, na nilikuwa nimeshapanga maneno ya kumsamehe. Nikageuka.

Mama alikuwa amekaa palepale. Uwanja, watu wote wale na sauti yake mwenyewe vilikuwa nyuma ya mgongo wake. Alikuwa ananitazama mimi.

"Baba, mbona umezima?"

"Nakusikiliza wewe, mama. Watu wote wanakusikiliza wewe."

Akapunga mkono kama anayefukuza nzi. "Ile ninayo mwenyewe, naimba kila siku. Yule alishakuja akaichukua, nikampa. Mimi nimetoka nyumbani kuja kusikia yako."

"Nimepiga tangu saa nane, mama."

"Umepiga za watu," alisema, bila ubaya wowote, kwa sauti ya kuniambia mvua haijanyesha. "Za watu nazisikia kwenye redio. Nikasema nitulie, yake itakuja."

Niliinamia kompyuta. Nyimbo zilikuwa zimejipanga mstari kwa mstari, nikashuka nazo taratibu mpaka chini kabisa, nikapanda nazo tena. Ng'ambo walikuwa wameuanza upya wimbo wa kinu. Mama alivuta kiti chake, akakisogeza karibu zaidi na spika yangu iliyokuwa kimya, akaweka mikono magotini, akasubiri.