Kiatu Kimoja cha Nasma

Mimi Ambilikile nimepiga picha hapa Tukuyu tangu nywele zangu nyeusi, na sijaona mchoraji wa kumfikia Naseeb. Sikiliza basi, usinikatize.

Enzi za ruksa, maduka yetu yalipoanza kujaa vitu vya nje, nilipata mkebe wa biskuti wenye picha ya Wazungu wa zamani, mabwana na mabibi wa majumba makubwa. Bibi mmoja, gauni limetanda kama mwavuli, anabembea, kiatu kimemchomoka mguuni. Chini kwenye maua yuko bwana wa nywele za bandia, anamkodolea macho utadhani hajala tangu jana. Nikampa Naseeb, aliyekuwa akichora vibao vya maduka, anichoree picha hiyo kwenye pazia la studio.

Lo! Kijana alinitolea maajabu. Bembea aliifunga kwenye mparachichi, nyuma yake Mlima Rungwe umejifunika ukungu, na gauni la bibi ni la kanga. Ila uso wa bibi ulikuwa wa Nasma, binti wa Mzee Husseni, fundi cherehani wa Bulyaga. Bwana naye alitugeuzia kisogo.

"Gwe Naseeb! Unampenda, si umwambie?"

"Nikimwona tu, mzee, ulimi unaganda."

Nilikasirika. Mfanyabiashara mmoja wa Mbeya alikwishatangaza kwamba Ijumaa analeta posa, na Mzee Husseni hakuwa na sababu ya kumkataa. Naseeb alikuwa anampoteza binti huku akipaka rangi!

Watu walimiminika kutoka Lufingo na Lupepo kupiga picha mbele ya pazia lile, na wengi walimtambua Nasma. Maneno yakamfikia. Alhamisi akaja mwenyewe, mvua inanyesha, Naseeb yupo ananipakia rangi mlango. Nikajua leo tunatukanwa.

Aliitazama picha weee! Kisha akaniuliza mimi, "Mzee Ambilikile, huyu mwanamume mbona hana uso?"

"Muulize aliyemchora."

Brashi ya Naseeb ikamdondoshea rangi miguuni. Nasma akacheka, akavua kiatu kimoja, akakiweka kwenye benchi, akaondoka. Na matope yetu unayajua! Alikwenda hadi Bulyaga mguu mmoja peku, wala hakugeuka.

Naseeb aliniomba niwe mshenga, nikirudishe kile kiatu na kumsemea. Mimi Mkristo wa Moravian nikapose kwa Waislamu, tena kwa kiatu?

"Mtaka cha mvunguni sharti ainame," nikamwambia. "Nitakusindikiza. Mdomo utakuwa wako."

Jioni ile ile Mzee Husseni alitupokea mkasi mkononi. "Karibuni. Kuna nini?"

Naseeb alikitoa kile kiatu, akakishika kwa mikono miwili. Kisha, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, akasema, "Nimeleta kiatu, mzee. Na nimekuja kumwomba mwenye mguu."

Mzee aliweka mkasi chini. Akaita, "Nasma! Hiki kiatu ulikipoteza?"

"Hapana, baba," sauti ikajibu kutoka ndani. "Nilikiacha."

Ijumaa mgeni wa Mbeya alikuta jibu limeshatolewa.

Baada ya ndoa Naseeb alikuja studio na brashi amgeuze yule bwana, ampe uso. Mkewe akamshika mkono.

"Mwache hivyo hivyo," akasema. "Watu wamtazame kisogo. Uso ni wangu."