Mwizi Anayetangulia

Hadi leo, maharagwe makavu yakimwagwa kwenye sinia ya bati, meno yangu hukazana. Ndivyo zilivyolia dadu za Mwenda kwenye saruji ya baraza yao pale mtaani Wabera, likizo moja ya miaka ya themanini.

Mwenda alikuwa mtoto wa daktari wa mifugo kutoka Meru, na alisoma shule ya bweni. Huko mwalimu mmoja Mzungu alikuwa amewafundisha mchezo wa kubuni: kila mchezaji ni shujaa katika nchi ya majoka na wachawi. Mwenda anasimulia mnachokiona, wewe unasema utafanya nini, na dadu inaamua kama umefaulu. Mdogo wangu Guyo hakukosa barazani hapo. Mimi, dada yake mkubwa, nilikuwa napeleka maziwa tu kwenye nyumba za mtaa huo. Wazazi wetu walipofariki niliacha shule darasa la sita ili yeye asiache. Siku moja mchezaji mwenzao hakuja, wakaniita.

"Wewe utakuwa mwizi," Mwenda akasema.

"Kwa nini mimi?"

"Si wewe ndio unajua kuingia nyumba za watu na mlango ya nyuma?"

Wakacheka. Guyo, ambaye tayari alikuwa askari wa farasi, akacheka nao.

Ningeondoka. Lakini Mwenda akaeleza kwamba wezi ni wa aina tatu: mchomozi wa mifukoni, muuaji wa kujificha, na mpelelezi anayetangulia gizani kuwatazamia wenzake njia. Huyo wa mwisho nilimchagua kabla hajamaliza kumweleza, maana nilimjua. Tulipokuwa bado tunafuga kule Biliqo, baba alikuwa sahan, mtu anayetumwa mbele kutazama nyasi na maji kabla mifugo haijahamishwa. Akirudi hupewa maziwa kwanza, kisha wazee humsikiliza kimya. Akisema kisima kimeharibika, hakuna ngamia anayeinua mguu.

Basi nikatangulia. Tulifika kwenye pango lililofichwa dhahabu, lenye mlango wa chuma; nikarusha dadu, ikanikubali, na Mwenda akaniambia nilichokiona. Nikarudi na habari kama baba.

"Msiingie. Chini ya sakafu kuna shimo. Iko mikuki."

"Uongo!" mmoja akadakia. "Huyu anataka dhahabu peke yake."

"Guyo, usiende. Mimi nimeona."

Guyo aliwatazama wenzake, hakunitazama mimi. Alichukua dadu, akaiweka chini, akaichukua tena. "Nani atasikiza mwizi?" akasema. "Mimi naingia."

Akarusha. Askari wake akaangukia mikuki, akafa palepale, na Guyo machozi yakamlenga.

"Usilie, bwana," Mwenda akasema. "Laumu dada yako. Amekuuza."

Guyo akanigeukia. "Ni wewe!" akapiga kelele. "Ni wewe umeniua!"

Nilibeba jerikeni yangu nikaenda zangu bila kumngoja.

Kwa miaka mingi nilidhani hasira yangu ni kwa Mwenda. Nilipokuwa mtu mzima ndipo nilipoelewa kwa nini aliiweka dadu chini kwanza. Guyo aliniamini. Alijua mikuki iko. Ila wale walikuwa watoto wenye baba, naye aliona afadhali afe upande wao kuliko aishi kwa neno langu.

Nilimsomesha hadi akamaliza. Watu huniambia niachilie, alikuwa mtoto tu. Mimi je, nilikuwa mzee?