Kibano cha Saa kwenye Jicho la Shemeji

Laiti ningalikataa. Ningalimwambia shemeji yangu, "Twende hospitali." Badala yake nilimwambia akae, nikafuta kibano.

Ilikuwa wakati wa vita. Nilikuwa fundi saa Changamwe, na shemeji, mume wa dada yangu, alikuwa mhunzi Jomvu Kuu. Alipokuwa akinoa panga, chembe ya chuma ilimrukia jichoni, akaja kwangu.

"Wewe waokota skurubu ndogo kuliko chawa," akanambia. "Hii itakushinda? Au sekondari walikufundisha kufunga tai tu?"

"Ukipofuka, shemeji, dada yangu nitamwoza mwenye macho."

Tulitaniana hivyo siku zote. Baada ya kucheka, niliona haya kukataa.

Nikabana kioo cha kukuzia kwenye jicho la kulia, nikafumba la kushoto, kama nilivyozoea. Chembe ikaonekana kubwa kama ufuta. Ncha ya kibano niliiona juu yake, nikadhani bado ina nafasi ya kushuka. Kumbe ilikuwa imeshafika. Shemeji akapiga ukelele, akaruka, na kibano kikamkwaruza.

Kwenye saa, kina nilikuwa nikikipima kwa vidole bila kujua. Kibano hugusa chuma, mkono ukapata habari. Jicho lilinipa habari likiwa limeshaumia.

Nikamvusha kutoka bara hadi hospitali ya kisiwani, nikamweleza daktari kila kitu.

"Ulifumba jicho moja?" akaniuliza. "Jicho moja litakwambia kitu kiko wapi. Umbali wake utakisia tu."

Alikuwa na miwani yenye vioo viwili vya kukuzia, kila jicho na chake. Wakati dawa ya ganzi ikifanya kazi, alinivalisha, akashika sindano juu ya ukucha wake. Niliiona nafasi iliyokuwa kati ya ncha na ukucha, wazi kabisa.

"Hata kwa hii mkono wangu ulinidanganya miezi mingi," akasema. "Nilijifunza kwa macho ya mbuzi kutoka buchani."

Kisha akaivaa mwenyewe, akaegemeza kiganja kwenye paji la uso la shemeji, akaleta chombo polepole kutoka ubavuni. Chembe ikatoka.

Bandeji ilipofunguliwa, shemeji alihesabu vidole vyangu kutoka upande wa pili wa chumba, akapata vyote. Dada alilia. Mimi nikakaa sakafuni. Kovu lilibaki pembeni, mbali na mboni. Mpaka leo nikikumbuka vile vidole, nashusha pumzi.

Hakunilaumu hata siku moja. Lakini alipoleta saa yake kwangu tena, alisema, "Bwana fundi, naomba unitazamie hii." Nikamtania kuhusu kitambi chake. Akatabasamu kwa adabu, kama mteja.

Aliishi na macho yote mawili hadi uzeeni. Uamuzi wangu ulinigharimu utani wake, na sikuupata tena mpaka tukamzika.